Umepuliza, utitiri haufi: kosa liko wapi?

Kiangazi kikikolea, malalamiko kwenye maduka ya pembejeo huwa yaleyale: "Dawa hii feki." Mkulima wa nyanya amepuliza, amerudia, ameongeza kipimo, na utando wa utitiri bado unatanda kwenye vikonyo. Dawa feki zipo, sikatai, na nitazigusa. Ila ukimkalisha mkulima huyo ukamuuliza wiki tatu zilizopita alipuliza nini, saa ngapi, kwa nozeli ipi, na upande gani wa jani ulilowa, mara nyingi kosa hujitokeza kabla hamjaifikia chupa. Dawa ilikuwa nzima. Ilipelekwa mahali ambapo mdudu hayupo, au ilipigwa kwa hatua ya mdudu isiyoiweza, au ilitanguliwa na dawa nyingine iliyowaua maadui zake wote.

Nimeandika nikiwa na nyanya akilini, kwa sababu ndiko kilio kilipo, lakini mengi yanahusu pia biringanya, nyanya chungu, bamia, matango na maharage machanga. Majina ya viambato amilifu, yaani kemikali zenyewe zinazoua ndani ya dawa, nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye lebo tahajia itatofautiana kidogo, lakini utayatambua.

Majani yana vidoa, lakini je, ni utitiri?

Usinunue chochote kabla ya kufanya hivi. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya jani la kati au la chini lenye vidoa, kisha ligongegonge jani kwa kidole. Subiri kidogo. Ukiona punje ndogo zinaanza kutembea, pitisha kidole juu yake. Mchirizi wa rangi ya kutu au ya kijani iliyoiva ukibaki kwenye karatasi, unao utitiri. Mwenye lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi aligeuze jani na kulitazama kandokando ya mshipa mkuu: ataona majike yasiyozidi nusu milimita, mayai ya mviringo yanayong'aa, na magamba meupe ambayo wadudu wamejivua.

Hesabu na miguu. Aliyekomaa ana minane, maana utitiri ni jamaa ya buibui na kupe. Dawa nyingi za kuua inzi weupe, vidukari au viwavi hazimgusi kabisa, hata ziwe kali namna gani, na hapo pekee ndipo zinapopotelea fedha za wakulima wengi.

Sasa wanaofanana naye. Ukiona mabaka ya rangi ya fedha yenye vinukta vyeusi vya kinyesi, hao ni thripsi, wadudu wengine wadogo. Majani ya zamani yakigeuka njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, na karatasi ikabaki tupu, fikiria upungufu wa magnesiamu. Hapo tatizo ni la mbolea na udongo. Shina la nyanya likigeuka rangi ya shaba kuanzia chini kwenda juu, majani yakakauka bila utando wowote, kuna utitiri mwingine mdogo mno usioonekana kwa macho matupu, na huyo salfa humweza vizuri. Kwenye pilipili hoho, machipukizi yakiwa membamba, magumu na kingo zimejikunja kuelekea chini, wengi husema ni virusi na kung'oa miche. Kabla ya kung'oa, tazama chipukizi kwa lenzi. Kuna utitiri mweupe, mdogo kuliko huu wa nyanya, unaojificha kwenye majani machanga na unaotibika.

Rangi ya mdudu isikutishe wala isikudanganye. Utitiri wa madoa mawili huwa wa kijani-njano, ila nao huweza kuwa mwekundu. Ule wa rangi ya chungwa iliyokoza, unaotanda utando mzito hadi mmea mzima ukaonekana umefunikwa shashi, mara nyingi ni aina iliyotoka Amerika ya Kusini, ambayo inapenda sana jamii ya nyanya na mnavu. Kwa upande wa dawa, hizi aina mbili hazitofautiani sana. Tofauti ni kwa anayetaka kutumia utitiri rafiki unaofugwa na kuuzwa: yule anayetumika sana kuwala madoa mawili hafanyi vizuri kwa huyu mwekundu wa Amerika, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Siku tatu zimepita, bado wanatembea

Kuna sababu mbili kubwa, na ya kwanza wala si tatizo. Baadhi ya dawa ni za polepole kwa asili yake. Spiromesifeni huzuia mdudu kutengeneza mafuta ya mwili. Huua mayai na watoto vizuri, na jike mkubwa huacha kuzaa, lakini anaweza kuendelea kutembea siku kadhaa. Heksithiazoksi, klofentezini na etoksazoli ni za mayai na watoto, mkubwa haziui. Ukipuliza mojawapo ya hizo ukaja kesho kutafuta maiti, utasema umeibiwa. Zipime kwa wiki nzima, na ukitazama, tazama mayai na watoto. Wazee watakufa wenyewe. Kinyume chake, abamektini, bifenazeti, fenpiroksimeti au piridabeni zikifika kwa mdudu aliye hai na anayekula, baada ya siku tatu hadi tano inapasa uone tofauti.

Sababu ya pili ndiyo yenye kesi nyingi: dawa haikufika. Utitiri unaishi chini ya jani, na mpulizaji anatembea amesimama wima, bomba mgongoni, nozeli ikitazama chini. Juu ya jani panalowa mpaka maji yanachuruzika, chini pamekauka kabisa. Abamektini hupenya kutoka upande mmoja wa jani kwenda wa pili, na hiyo ndiyo sifa iliyoipa umaarufu. Ila hupenya vizuri kwenye jani changa. Jani la chini lililokomaa na kujaa vumbi hupitisha kidogo sana, na ndilo lenye wadudu wengi.

Jipime mwenyewe. Kata vipande vya karatasi ya gazeti, vibane kwa pini chini ya majani kwenye mimea michache: juu, katikati na karibu na udongo. Jaza bomba maji matupu, puliza kwa mwendo wako wa kila siku, kisha kavikague. Vikirudi vikavu, umejibiwa. Weka nozeli ya koni inayotoa matone madogo, pindisha mkono wa bomba ili nozeli itazame juu, anzia chini ya mmea ukipanda, na pita pande zote mbili za tuta. Majani ya chini yaliyozeeka na yanayogusa udongo yaondoe kabla ya kupuliza, yatoe shambani kwenye mfuko, usiyaangushe kwenye mfereji. Dawa itapita na mzigo wa wadudu utapungua kabla hujafungua chupa.

Kuna pia hesabu ya kipimo inayowachanganya watu. Lebo ikisema mililita kadhaa kwa lita 20, inakuchukulia kuwa unapuliza maji ya kutosha kulowesha mmea. Mwezi wa kwanza wa mimea shambani, mabomba matano yanaweza kutosha ekari. Nyanya zikishafika kiunoni na kufungwa kwenye kamba, mabomba yaleyale matano ni kupaka juujuu, na dawa iliyofika kwa kila jani ni chini ya nusu. Dawa ya bomba moja usiizidishe. Zidisha mabomba, ukifuata kiwango cha ekari kilichoandikwa kwenye lebo.

Walikufa, baada ya wiki wamerudi palepale

Hapa dawa ilifanya kazi na mayai yakabaki. Joto likiwa karibu nyuzi 30, yai huanguliwa ndani ya siku tatu au nne, na kutoka yai hadi mkubwa anayetaga ni kama wiki moja na kidogo. Kwenye ubaridi wa nyuzi 20 muda huo huzidi wiki mbili. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 100 maishani mwake. Kati ya hatua za ukuaji mtoto hutulia bila kula akijivua gamba, na akiwa hivyo dawa ya kugusa au ya kula humpata kwa shida.

Kwa hiyo mpulizo mmoja wa abamektini ni nusu ya kazi. Rudia baada ya siku tano hadi saba wakati wa joto, walioanguliwa wasifikie kutaga. Kwenye ubaridi unaweza kusubiri zaidi. Au changanya akili mbili: dawa ya wakubwa, na nyingine ya mayai na watoto, kama lebo zote mbili zinaruhusu zichanganywe. Marudio ya msimu yana kikomo kwenye lebo. Kikisema mara mbili, ni mara mbili.

Kama marudio yalifanyika vizuri na bado wanarudi, tazama wanakotoka. Mnavu, ambao wengine huuita managu, hubeba huyu mwekundu vizuri sana, na wapo wanaouacha kingoni kwa sababu ni mboga. Shamba la nyanya lililokwisha kuvunwa na kuachwa likauke lenyewe ni kiwanda cha utitiri. Mmea unapokufa wadudu hupanda kileleni, hujikusanya, na upepo huwabeba kwa nyuzi za utando hadi kwa jirani. Ng'oa na uchome au ufukie mara mavuno yanapoisha, na shamba jipya liwe upande upepo unakotoka. Ukiwa na vipande viwili, fanya kazi kwenye kisafi kwanza, maana nguo na kreti pia husafirisha.

Mimea ya kando ya barabara ya vumbi ndiyo hutangulia kushambuliwa. Anzia hapo kukagua kila wiki. Ukiwakuta wakiwa bado kwenye mabaka machache, puliza mabaka hayo na mita chache kuyazunguka, uliache shamba lingine.

Kila nikipuliza wanaongezeka

Mkulima anayesema hivi huwa anasema kweli, na hapa ndipo napenda kukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu chanzo huwa si dawa ya utitiri.

Tangu kantangaze, kiwavi anayechimba majani ya nyanya, aingie Kenya na Tanzania karibu mwaka 2014, wakulima wa nyanya wamezoea kupuliza kila wiki, wengine mara mbili kwa wiki, na kilicho rahisi dukani ni pairethroidi: lambda-sihalothrini, saipamethrini, deltamethrini. Kantangaze yumo ndani ya jani anachimba, pairethroidi humpata kwa nadra. Waliopo nje ndio wanaokufa: utitiri rafiki, mbawakawa wadogo weusi wanaokula mayai ya utitiri, mabuu walao wadudu wengine. Utitiri wenyewe hupona. Zaidi ya hapo, dawa hizi huwasumbua wakasambaa kutoka mabaka yao hadi shamba zima, na kwa baadhi ya dawa majike hutaga zaidi. Imidaklopridi nayo, inayonunuliwa kwa ajili ya inzi weupe, imeonekana kuongeza utitiri kwenye mazao kadhaa.

Ukiona utitiri umelipuka wiki mbili au tatu baada ya mfululizo wa pairethroidi, acha hizo kwanza. Usiongeze dawa ya utitiri juu ya pairethroidi huku ukiendelea na zote, utakuwa unazima moto mkono mmoja na kuuchochea kwa mwingine. Kwa kantangaze tumia mitego yenye kivutio cha madume, ondoa majani yaliyochimbwa, na dawa zisizowaumiza sana wadudu rafiki, kama Bt (dawa ya bakteria wanaoua viwavi) au klorantraniliproli, kwa zamu. Nafuu haitakuja kesho yake. Wadudu rafiki huchukua wiki kadhaa kurudi, na katikati ya kipindi hicho unaweza kulazimika kupuliza dawa ya utitiri mara moja au mbili.

Naitrojeni nayo ina mchango. Nyanya iliyolishwa yurea mpaka majani yakawa meusi kwa ukijani ina utomvu mtamu kwa utitiri. Punguza kabla ya kulaumu chupa.

Msimu uliopita iliua, msimu huu haiui

Kama umeshahakikisha mdudu, nozeli, kipimo na marudio, sasa una haki ya kutaja usugu. Utitiri husifika duniani kote kwa hilo. Vizazi vinapishana haraka, na dume huzaliwa kutoka yai lisilorutubishwa, akiwa na nakala moja tu ya kila jeni. Jeni la usugu kwake halina pa kujificha: anayelo hupona, asiyelo hufa, na kizazi kinachofuata ni cha waliopona.

Wakulima wengi hubadilisha dawa kwa kubadilisha jina la chupa. Leo chupa ya kijani, wiki ijayo nyekundu, zote abamektini. Tafuta namba ya kundi, ile ya IRAC, kamati ya kimataifa inayozipanga dawa kwa namna zinavyoua, ambayo lebo nyingi huiweka ndani ya kisanduku. Abamektini ni kundi la 6. Emamektini nayo ni kundi la 6, na emamektini ndiyo inayopulizwa sana kwa kantangaze. Maana yake, mkulima aliyepuliza emamektini tangu nyanya zina wiki tatu, kisha akaja kununua abamektini utitiri ulipotokea, tayari amewachuja utitiri wake kwa kundi hilohilo msimu mzima. Sijui duka ngapi humwambia mteja hilo.

Fenpiroksimeti na piridabeni ni kundi la 21, spiromesifeni ni la 23, bifenazeti la 20, propajiti la 12, na hizo za mayai ni la 10. Panga kwa kizazi: wiki mbili hivi kundi moja, wiki mbili zinazofuata jingine, usirudie la kwanza mpaka mengine yapite. Andika kwenye daftari kiambato na namba ya kundi. Jina la biashara peke yake halitakusaidia mwakani. Salfa ya kuchanganywa na maji na mafuta ya mimea au ya madini yaliyotengenezwa kwa kilimo huua kwa njia ambazo usugu hauzizoei kirahisi, kwa hiyo yafaa yawe na zamu yake humo.

Na ufeki? Kagua kama lebo ina namba ya usajili ya mamlaka inayosimamia viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, tarehe ya kwisha muda, kifuniko kisichofunguliwa, na lebo iliyochapwa vizuri kwa lugha unayoisoma. Dawa inayopimwa na kumiminiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiinunue hata kama muuzaji ni shemeji yako. Mbali na ufeki, watoto hufa kwa chupa kama hizo.

Majani yameungua baada ya kupuliza

Salfa kwenye jua kali, joto likipita nyuzi 32 hivi, huunguza. Matango, tikiti na maboga huungua haraka zaidi. Salfa na mafuta visikutane: vipishane angalau wiki mbili. Mafuta kwenye mmea wenye kiu pia huunguza, kwa hiyo mwagilia jana yake. Puliza jioni jua likielekea kuzama. Abamektini huharibiwa na mwanga kabla haijapenya, na jioni nyuki wanakuwa wamerudi mzingani. Nyuki ni jambo zito hapa, kama walivyo samaki, kwa hiyo bomba lisioshewe mtoni wala kwenye mfereji wa jirani.

Michanganyiko ya dawa nne kwenye bomba moja, pamoja na mbolea ya majani, naiona kila msimu. Kabla ya kuchanganya hata mbili, jaribu kwenye chupa ndogo ya kioo kwa uwiano uleule, tikisa, acha nusu saa. Ikiganda, ikijitenga au ikipata moto, imekujibu.

Maji nayo. Kwenye mteremko wa Mlima Meru, kwa mfano Ngarenanyuki, maji mengi yana magadi na floraidi, na visima vingi vya nyanda kame navyo vina magadi. Maji ya aina hiyo huweza kuivunja propajiti na baadhi ya dawa nyingine zikikaa ndani ya bomba. Vikaratasi vya kupimia pH, yaani uchachu au umagadi wa maji, si ghali. Kipimo kikizidi 8, uliza dukani kirekebisha maji, na kwa vyovyote changanya unachopuliza saa hiyo, kisilale ndani ya bomba.

Mavuno yameanza na utitiri umejaa

Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache, na hapo ndipo siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinapogeuka kikwazo. Soma namba hiyo kwenye lebo kabla ya kununua. Zipo za siku tatu, zipo za wiki mbili na zaidi. Vuna vyote vilivyoiva leo, puliza jioni, kisha hesabu. Kama siku za lebo haziingii kati ya michumo yako, dawa hiyo si ya wakati huu. Kwa maharage machanga ya kwenda Ulaya hakuna mjadala: mzigo hupimwa masalia, na kilichokatazwa kule kikionekana, hasara huwa ya kundi zima la wakulima.

Dawa za kuogeshea ng'ombe, amitrazi hasa, hupulizwa kwenye mboga na watu wanaosema kupe na utitiri ni ndugu. Undugu upo, ila kopo la josho halikupimwa kwa jani la nyanya, na hakuna siku za kusubiri zilizowekwa kwa mlaji wake. Dikofoli nayo, ambayo wazee wa kilimo wanaikumbuka kwa sifa, iliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa. Ukiiona chupa yake kwenye rafu, usiiguse.

Vaa glavu, buti na nguo ya mikono mirefu, funika pua na mdomo, na uwe mwangalifu zaidi unapopima dawa ikiwa bado nzito kwenye chupa. Humo ndimo hatari ilipo kubwa.

Kama imebaki michumo miwili au mitatu na utando umefunika vilele, nisingepuliza tena. Gharama ya dawa na vibarua haitarudi. Chuma kilichobaki, ng'oa siku hiyohiyo ya mchumo wa mwisho, na fedha ya chupa iweke kwa miche ya msimu ujao.